Hawauzi ploti: Kutana na watu wanaolinda ardhi ya Kajiado na Mara

Ukiwa kijana wa Nairobi mwenye simu, tangazo hili unalijua vizuri. Ploti hamsini kwa mia, Kitengela, Isinya, Kisaju, au mbele kidogo barabara ya Namanga. Taito iko tayari. Stima iko karibu. Lipa mdogo mdogo. Kwenye picha kuna uwanda wa nyasi, vigingi vyeupe vimepangwa mstari, na jamaa wa mauzo anatabasamu kama ameshakupa funguo.

Uwanda huo unaonekana mtupu, lakini una wenyewe. Kuna familia ambayo imechunga ng'ombe hapo tangu enzi za babu. Kuna punda milia, twiga na swara wanaokatiza hapo wakifuata mvua. Na kuna kundi la tatu ambalo hutaliona kwenye tangazo lolote: watu walioajiriwa kuzunguka boma hadi boma, wakiongea na wenye ardhi ili isikatwe vipande na kuzungushiwa seng'enge.

Leo tunataka ukutane na kundi hilo la tatu. Wanafanya kazi katika mashirika yasiyo ya kutafuta faida huku kusini mwa Kenya. Kuna SORALO, muungano wa wenye ardhi wa Bonde la Ufa kusini, ulioanzishwa 2004 kati ya Amboseli na Mara. Kuna Big Life Foundation, iliyoanza 2010 upande wa Amboseli. Na kuna MMWCA, chama kinachounganisha hifadhi za jamii zinazopakana na Maasai Mara, kilichoundwa 2013.

Kuwa makini hapa, kwa sababu wengi huchanganya. Hawa si KWS. KWS ni shirika la serikali na mbuga za kitaifa ziko chini yake. Watu tunaowazungumzia hawana mbuga. Ardhi wanayoilinda ni ya watu wengine, wenye hatimiliki zao mkononi, na hakuna sheria inayowapa mamlaka ya kumzuia mtu asiuze. Silaha zao ni tatu: maneno, mkataba na malipo. Na ukiwauliza wenyewe, watakuambia maneno ndiyo huchukua muda mrefu zaidi.

Kwa nini kazi hii ipo?

Mbuga na hifadhi za serikali zinachukua takriban asilimia 8 tu ya ardhi ya Kenya. Wanyamapori wengi, inakadiriwa asilimia 65 hivi, wako nje ya mipaka hiyo wakati wowote ule. Wako kwenye mashamba ya watu.

Na hali yao si nzuri. Utafiti ulioongozwa na mwanasayansi Mkenya Joseph Ogutu, uliochapishwa 2016, ulihesabu wanyama wa maeneo ya malisho nchini tangu 1977. Kwa wastani, idadi yao ilikuwa imeshuka kwa asilimia 68. Soma hiyo tena. Kwa kila wanyama kumi waliokuwepo wazazi wetu wakiwa vijana, wamebaki watatu hivi.

Mfano uko hapa karibu. Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi ilianzishwa 1946 na ina ukubwa wa kilomita mraba 117 tu. Pande tatu zimezungushiwa ua. Upande wa kusini umebaki wazi ili wanyama watoke wakati wa mvua, waende nyanda za Athi na Kapiti, halafu warudi kiangazi. Miaka ya 1970 nyumbu waliotembea njia hiyo walihesabiwa kwa makumi ya maelfu. Leo waliobaki ni wachache mno.

Hawakuuawa wote na majangili. Walifungiwa njia. Ardhi ambayo familia nyingi zilimiliki pamoja kama ranchi ya jamii iligawanywa, kila mmoja akapewa kipande chake na taito yake. Ranchi ya Kitengela iligawanywa 1988. Mwenye kipande akauza nusu, aliyenunua akazungushia waya, jirani naye akaona heri azungushie chake. Baada ya miaka michache, nyumbu anafika kwenye waya, anageuka, anakuta waya mwingine.

Na si nyumbu peke yake. Ng'ombe wa Mmaasai naye anahitaji kuhama. Mvua ya nyanda hizo hainyeshi kila mahali kwa pamoja. Inaweza kunyesha huku, na kilomita 20 mbele kukawa kukavu kabisa. Mfugaji aliyejifungia kwenye ekari 60 zake, mvua ikimruka, amekwisha.

Hapo ndipo utaelewa kwa nini watu hawa hawaanzi mazungumzo kwa kutaja simba. Wanaanza na ng'ombe.

Afisa wa jamii: mtu wa chai nyingi

Kazi ya kwanza kwenye orodha ni ya afisa wa jamii. Huyu ndiye anayefika bomani kwa pikipiki, begi mgongoni, daftari ndani. Kabla ya mkataba kuna salamu. Baada ya salamu kuna chai ya maziwa. Baada ya chai kuna habari za ng'ombe, za mvua, za mtoto aliye shule ya bweni na karo yake. Mkataba unaweza kutajwa siku hiyo, au ziara ya tatu.

Mkataba wenyewe si mgumu kuuelewa. Mwenye ardhi anabaki na taito yake. Anakubali kutozungusha ua, kutolima sehemu fulani na kutouza kwa muda waliokubaliana. Naye analipwa kodi ya ardhi hiyo kila mwaka.

Kitengela walianza jambo hili mwaka wa 2000. Malipo yalikuwa dola 4 kwa ekari kwa mwaka, yakigawanywa mara tatu. Unajua kwa nini mara tatu? Kwa sababu mwaka una mihula mitatu ya shule. Aliyepanga malipo hayo alikuwa amewasikiliza akina mama. Pesa zikija mara moja Januari, kufikia Mei zimeisha. Zikija shule zinapofunguliwa, zinaenda moja kwa moja kwenye karo.

Upande wa Mara kazi ilikuwa kubwa zaidi. Hifadhi ya Naboisho ilipoanzishwa 2010, ilibidi zaidi ya watu 500, kila mmoja na taito yake, wakubali kuunganisha vipande vyao hadi vikafika takriban ekari 50,000. Hebu fikiria chama chenu cha watu 20 kinavyozozana kuhusu mahali pa kwenda Desemba. Sasa zidisha mara 25, halafu badala ya safari weka urithi wa familia. Mmoja wa waliozunguka Mara kuwashawishi wenye ardhi miaka hiyo ni Dickson Kaelo, mzaliwa wa huko huko, ambaye baadaye akawa afisa mkuu mtendaji wa KWCA, chama cha kitaifa cha hifadhi za jamii na za watu binafsi.

Na kuna kitu afisa mzuri hujifunza mapema. Taito nyingi zina jina la mwanamume mmoja. Wakati wa kugawanya ranchi, waliohesabiwa wanachama walikuwa zaidi wanaume. Kwa hiyo kodi ya ardhi inaingia akaunti ya mzee, na mke wake anasikia tu kwamba ililipwa. Afisa anayejua kazi yake huuliza, kwa heshima, "Na mama yuko wapi? Tungependa naye akae hapa." Swali hilo linaweza kurefusha kikao kwa saa mbili. Lakini mkataba ambao mama hakuuelewa huwa hauna miguu. Mwaka ujao nyumba yenyewe itaukataa.

Anayeamka simba akila ng'ombe

Saa kumi na moja alfajiri simu inalia. Simba ameingia bomani, ng'ombe wawili wamekufa, na vijana wa mtaa wameshachukua mikuki. Nani anaenda?

Kwenye eneo la Amboseli, anaenda afisa wa fidia. Mpango wa kulipa fidia ya mifugo ulianza 2003 katika ranchi ya Mbirikani, na baadaye ukawa chini ya Big Life. Afisa anafika, anaangalia mzoga, anaangalia alama za meno na nyayo: ni simba, fisi au chui? Anaangalia boma lenyewe: ua wa miiba ulikuwa imara au ulikuwa na mwanya? Mfugo uliuliwa ndani ya boma au uliachwa porini usiku? Malipo yanategemea majibu hayo. Mzembe hulipwa kidogo. Na simba akiuawa kulipiza kisasi, eneo lote linapata adhabu kwenye malipo. Kwa hiyo majirani wenyewe wana sababu ya kumshika kijana mkono.

Kwenye karatasi inaonekana rahisi. Kule nje ni noma. Unasimama katikati ya watu wenye hasira, jua halijatoka, na wewe ndiye unayetakiwa kumwambia mzee kwamba ng'ombe wake wa maziwa ana thamani ya kiasi hiki wala si kile. Kiasi hicho hakifikii bei ya soko, na wote wawili mnajua.

Wakati mwingine maneno hayatoshi. Mei 2023, baada ya ukame mkali uliomaliza mifugo mingi, simba kumi waliuawa eneo la Amboseli katika muda wa siku chache. Mmoja wao alikuwa Loonkiito, dume wa miaka 19, aliyetajwa kuwa miongoni mwa simba wazee zaidi waliojulikana barani. Aliingia bomani kutafuta chakula, akachomwa mkuki. Usimlaumu haraka aliyemchoma. Mtu aliyezika nusu ya ng'ombe zake kwa njaa hana subira ya kupoteza waliobaki kwa simba. Kazi ya mashirika haya wiki hiyo ilikuwa kukaa chini na watu walewale, kwa sababu kesho yake simba wengine wangekuja.

Kuna njia nyingine ya kufika kwa morani. Tangu 2012, Big Life pamoja na wazee wa kimila huandaa michezo inayoitwa Maasai Olympics: kurusha mkuki, kurusha rungu, kuruka juu, mbio. Bingwa wa Olimpiki David Rudisha ni mlezi wake. Zamani morani alijipatia jina kwa kuua simba. Sasa wazee wanamwambia atafute jina kwa medali. Unaweza kuona ni mchezo tu, lakini aliyebuni alijua kwamba huwezi kumnyang'anya kijana njia ya kuheshimika bila kumpa nyingine.

Wanaosoma nyayo

Ukitoka Nairobi ukapita Kiserian na Olepolos, ukashuka hadi Magadi na kuendelea, utafika Olkiramatian na Shompole. Jamii hizo mbili zina simba, tembo, ng'ombe na watu kwenye ardhi moja, na hakuna ua unaotenganisha. Wamegawa malisho kwa misimu. Kuna upande unaoachwa nyasi zikue, kisha unafunguliwa kiangazi kikikaza. Wanyamapori hutumia upande huo huo mifugo inapokuwa mbali.

Huko kuna kituo kinachoitwa Lale'enok, jina la Kimaasai lenye maana ya mahali pa kuletea habari. Kinamilikiwa na kikundi cha akina mama wa Olkiramatian, na SORALO hufanya kazi nao. Habari zinazoletwa ni zipi? Kila asubuhi maskauti hutoka kwa miguu. Wanasoma nyayo kwenye mchanga: simba wamepita hapa usiku, wako wangapi, wameelekea wapi. Kisha habari inapelekwa kwa wachungaji. Leo msipeleke mbuzi upande wa mto. Simba hajaguswa, mbuzi hajaliwa, na hakuna mtu aliyelipwa fidia. Ni kazi ya siku nzima ambayo ikifanikiwa huoni kitu.

Maskauti pia hutafuta ng'ombe aliyepotea na mtoto aliyechelewa kurudi na mifugo. Hiyo haiko kwenye ripoti ya wafadhili mara nyingi, lakini ndiyo inayowafanya wakaribishwe chai.

Hatari ipo. Tembo na nyati hawaulizi kitambulisho. Wengi wa maskauti hawana bunduki, na wale wa jamii hulipwa na mashirika au hifadhi zao badala ya serikali.

Wanawake nao wameingia. Mwaka 2019, upande wa Olgulului unaozunguka Amboseli, shirika la IFAW na jamii ya huko waliunda kikosi cha walinzi wanawake kinachoitwa Team Lioness, kikianza na wasichana wanane. Waliochaguliwa walikuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza katika familia zao kupata ajira rasmi. Kuna wazee waliodhani hawatamaliza mwezi. Wamemaliza miaka.

Mtu wa ramani

Si kila mtu anatembea porini. Kuna anayekaa mbele ya laptopu siku nzima, na kama wewe ni wa kompyuta, huyu ndiye mwenzako.

Kazi yake ni kujibu maswali ambayo macho hayawezi kujibu. Tembo mwenye mkanda wa mawasiliano shingoni amepita wapi miezi sita iliyopita? Ni vipande vipi vya ardhi vikifungwa, njia nzima inakufa? Seng'enge mpya zimetokea wapi tangu mwaka jana?

Utafiti uliochapishwa 2017, uliotumia picha za setilaiti za kuanzia 1985 hadi 2016, ulionyesha ua zikiongezeka kwa kasi kubwa kuzunguka Mara. Tangu hapo ramani za ua zimekuwa chombo cha mazungumzo. Huko Pardamat, wenye ardhi waliokuwa wamejifungia wamekuwa wakikubali kung'oa nguzo na waya ili kuunganisha malisho. Afisa wa jamii akienda kwa mzee na ramani inayoonyesha jinsi ua wake unavyowazuia ng'ombe wa shemeji yake, mazungumzo yanabadilika.

Ramani pia huamua kesi. Kimana, karibu na Amboseli, kuna hifadhi ndogo ya jamii iliyoanzishwa 1996. Wamiliki wake ni watu 844, na tangu 2018 Big Life ndiyo inayoikodi kutoka kwao. Ni mlango mwembamba ambao tembo wa Amboseli hupitia kwenda Chyulu na Tsavo. Mwaka 2020 kampuni moja ilianza kuandaa shamba la avokado la ekari 180 karibu na mapito hayo na kulizungushia ua wa umeme. Wenye ardhi jirani na wahifadhi walilalamika, na NEMA ikabatilisha leseni. Waliounga mkono shamba walisema lingeleta ajira. Wapinzani walisema lingefunga njia. Katika ubishi wa namna hiyo, mwenye data ya miaka mingi ndiye husikilizwa.

Pesa hutoka wapi?

Sasa tufike kwa mhasibu, ambaye hakuna anayempiga picha. Bila yeye hakuna mkataba unaodumu.

Mara, kodi ya ardhi hutoka zaidi kwa kampuni za utalii zenye kambi ndani ya hifadhi. Kwingine hutoka kwa wafadhili. Njia zote mbili zina shimo. Mwaka 2020 korona ilipofunga viwanja vya ndege, kambi zilikaa tupu na malipo yakayumba. Familia zilizokuwa zimepanga karo kwa pesa hizo zilikuja kwa afisa wa jamii, yule yule aliyewashawishi kutia sahihi. Kitengela nako mpango wa dola 4 ulitegemea ufadhili, na ufadhili ulipopungua, ahadi ilipungua nao.

Fanya hesabu kidogo. Ekari moja hutoa takriban ploti nane za hamsini kwa mia, na ploti moja barabara ya Namanga inaweza kuuzwa kwa mamia ya maelfu ya shilingi. Kwa mpango wa Kitengela, ekari hiyo hiyo ililipwa dola 4 kwa mwaka. Kwa pesa pekee, mwenye ardhi angeuza kila siku. Anayekataa kuuza anafanya hivyo kwa sababu ana ng'ombe, ana watoto atakaowaachia, na anaamini kwamba jirani yake naye hatauza. Imani hiyo ya tatu ndiyo bidhaa halisi ya mashirika haya. Haiwezi kununuliwa mara moja. Inatengenezwa na mtu anayejulikana kwa jina, anayerudi hata akiwa hana hundi.

Na wafanyakazi wenyewe? Wengi wako kwenye mikataba inayofuata mradi wa mfadhili. Mradi ukiisha, na kazi inaweza kuisha. Usiingie ukidhani ni ajira ya kudumu ya serikali.

Lawama zipo, na zina msingi

Usimeze kila kitu kwa sababu kina picha ya tembo. Neno "hifadhi" limeumiza watu pia. Kuna wafugaji wanaolalamika kwamba wamezuiwa kulisha kwenye ardhi yao ili watalii wapate mandhari. Kuna wanaouliza kwa nini wageni ndio huamua na wenyeji ndio hulinda lango.

Januari 2025, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Isiolo iliamua kwamba hifadhi mbili zilizoanzishwa chini ya mwavuli wa Northern Rangelands Trust, shirika kubwa la kaskazini, ziliundwa kinyume cha sheria. Waliopeleka kesi walikuwa wanajamii wenyewe, waliosema hawakushirikishwa ipasavyo.

Uamuzi huo unasomwa hadi kusini. Unakumbusha kila afisa kwamba kikao cha wazee watano si idhini ya jamii. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inataka wanajamii wenyewe waamue katika mkutano wao. Ukiona shirika lenye magari mapya na hakuna mwenyeji kwenye meza ya uamuzi, uliza maswali.

Na ile ploti yako?

Hatukuambii usinunue. Kodi ya nyumba Nairobi unaijua, na kutaka pa kwako si dhambi. Lakini kabla ya kutuma pesa za kuweka nafasi, jua unachoingilia.

Fanya upekuzi rasmi katika ofisi ya ardhi, uone jina la mmiliki na kama kuna zuio. Kama ni ardhi ya kilimo, uliza idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi. Uliza kama mke wa anayeuza amekubali, kwa sababu ardhi ya ndoa haiuzwi kimya kimya. Uliza kaunti eneo hilo limepangiwa nini: makazi, malisho au mapito ya wanyama. Ploti iliyo karibu na mji uliopo ni salama zaidi kwako, na haikati nyanda. Ile ya bei rahisi katikati ya nyasi, kilomita nyingi kutoka barabarani, huenda ikakaa na vigingi vyake miaka 15 bila nyumba, huku imeshafunga njia ya ng'ombe na nyumbu. Ukinunua huko hata hivyo, zungushia nyumba yako. Acha sehemu nyingine wazi.

Ukitaka kuingia kwenye kazi hii

Watu wengi hudhani ni lazima uwe umesomea wanyama. Si lazima. Mashirika haya yanahitaji wahasibu, wanasheria wa ardhi, watu wa ramani, madereva, makanika wa pikipiki, wapiga picha, na watu wanaojua kuandika ripoti inayoeleweka.

Ukitaka njia ya masomo, Taasisi ya Utafiti na Mafunzo ya Wanyamapori iko Naivasha. Chuo Kikuu cha Nairobi hufundisha usimamizi wa nyanda za malisho, somo ambalo vijana wa mjini hulipita bila kuliangalia. Kwa ramani, kituo cha RCMRD kilichoko Kasarani, Nairobi, kimekuwa kikifundisha tangu 1975, na programu ya QGIS unaweza kuipakua bure leo usiku ukaanza kujifundisha. Mara kuna chuo kilichoanza 2005 kama shule ya waongozaji watalii ya Koiyaki, na kimewatoa wengi wanaofanya kazi kwenye hifadhi hizo.

Leseni ya pikipiki itakusaidia kuliko cheti cha tatu. Kimaasai, hata kidogo, kitakusaidia kuliko vyote viwili. Na kama umezaliwa Kajiado au Narok ukahamia mjini, usione aibu kurudi. Lugha ya nyumbani, ambayo mtaani ulikuwa unaificha, huko ndiyo sifa ya kwanza ya kazi.

Ukipata nafasi ya uanagenzi, jiandae. Wiki ya kwanza huenda usione simba hata mmoja. Utakunywa chai nyingi, utakaa chini ya mti saa nne ukisikiliza mjadala wa mpaka wa malisho, na utapewa daftari uandike waliohudhuria. Andika majina yote, hata ya akina mama waliokaa nyuma. Miaka kumi baadaye, mtu akiuliza nani alikubali, daftari hilo ndilo litakalofunguliwa.